Mficha Maradhi: Uhuru wa Raia na Afya ya Umma Wakati wa Janga

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkaripia mgonjwa kwamba yeye ndiye mwenye makosa kwa kuficha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi: ni nini kilichomfanya mgonjwa huyo aone heri kuugua kimya kuliko kupiga ukemi wa kuomba msaada? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuangalia yaliyotufika nchini Kenya kati ya mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la korona. Msimamo wangu ni kwamba serikali ilikuwa na haki, tena wajibu, wa kuweka vikwazo. Lakini pale vikwazo vilipotekelezwa kwa rungu na kwa adhabu, havikuhujumu uhuru wa raia peke yake. Vilihujumu pia afya ile ile iliyodaiwa kulindwa.

Naomba msomaji aniwie radhi nianze na ya nyumbani. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nimerudishwa nyumbani kama wenzangu wote baada ya vyuo kufungwa. Nilikaa kwa mama mdogo, ambaye riziki yake ilikuwa kukaanga samaki na kuwauza kando ya kituo cha matatu. Wateja wake walikuwa vibarua waliorejea kutoka kazini kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Kafyu ya saa moja ilipokuja, biashara yake ilikatika kama uzi. Hata hivyo, sikumsikia akiilaani. Alisema, "Kama ni ya kutuokoa, basi tutakula tunachopata."

Baadaye alishikwa na homa na kikohozi. Mama huyu aliyeikubali kafyu bila kinyongo alijifungia chumbani siku tisa. Tuliwaambia majirani kuwa amesafiri. Nilikuwa nikimpitishia uji dirishani. Nilipomsihi aende hospitali, alinijibu kwamba haogopi ugonjwa. Anaogopa gari litakalokuja kumchukua mbele ya watu, anaogopa bili ya karantini atakayodaiwa akitoka, na anaogopa kurudi akaitwa "yule wa korona". Alipona, namshukuru Mungu. Lakini hadi leo hatujui kama ilikuwa korona au homa ya kawaida, wala hatujui ni nani aliyeambukizwa kabla hajajifungia. Huko kutojua ndiko hasara yenyewe. Daktari hawezi kuzuia asichokijua, na mama mdogo alihakikisha hajulikani.

Hatua zilizochukuliwa na sababu zake

Ni insafu kukumbuka hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kuanzia tarehe 27 Machi, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza kutekelezwa. Mwezi Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake ulipigwa marufuku, na vivyo hivyo katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, kisha Mandera. Tarehe 6 Mei mitaa ya Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale jijini Mombasa ilifungwa. Wakati huo hapakuwa na chanjo duniani, wala hapakuwa na tiba. Hospitali zetu zilikuwa na vitanda vichache vya wagonjwa mahututi. Serikali ambayo ingekaa kitako na kutazama ingekuwa imewasaliti raia wake.

Isitoshe, afya nayo ni haki. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hiyo anayedai kuwa mwito wa kuvaa barakoa ulikuwa udikteta hakuielewa Katiba anayoitaja. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyeutetea uhuru wa mtu binafsi kwa ukali mwaka 1859, alikiri kwamba mipaka ya uhuru huo hufika pale unapoanza kuwadhuru wengine. Mwenye kukohoa ndani ya matatu iliyojaa watu kumi na wanne hawezi kusema pumzi yake ni shauri lake.

Kwa hiyo sipingi vikwazo. Ninachopinga ni ile tamathali ya mizani ambayo imezoeleka katika mijadala yetu: kwamba uhuru uko kwenye sahani moja na afya kwenye sahani ya pili, na kwamba upande mmoja ukipanda sharti wa pili ushuke. Tamathali hii hutufanya tuamini kwamba kila kipigo alichopigwa raia kilinunua afya kidogo. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Rungu halitibu

Tuitazame Likoni. Alasiri ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni kwenye kivuko wakitaka kurudi makwao ng'ambo ya pili. Saa moja ilikuwa haijatimia. Polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi na kuwacharaza kwa virungu. Hata mtu asiyesomea udaktari anajua gesi hiyo hufanya nini: humfanya mtu akohoe, ateme mate, ajifikiche macho kwa mikono, na akimbie akiwagonga wenzake. Kwa maneno mengine, amri iliyowekwa ili watu wasikaribiane na wasijiguse nyuso ilitekelezwa kwa namna iliyowalazimu kukaribiana na kujigusa nyuso. Hapo sahani zote mbili za mizani zilishuka kwa pamoja.

Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi wakitekeleza kafyu barabarani. Alifariki. Mtoto huyo hakuwa ametoka nje. Alikuwa mahali pale pale ambapo serikali ilimtaka awe. Mapema Aprili Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa ukatili wa baadhi ya polisi. Radhi ni jambo la kiungwana, lakini haikukomesha mambo. Mwezi Agosti 2021, vijana wawili wa mama mmoja, wanafunzi wa vyuo kama sisi, walifariki baada ya kukamatwa na polisi huko Kianjokoma, Embu, kwa tuhuma za kukiuka kafyu. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Kila ninapokumbuka kisa hicho najiuliza ni maambukizi mangapi yaliyozuiwa na vifo hivyo, nami sipati hata moja.

Mahakama iliuona utata huu mapema. Chama cha Mawakili nchini kilipoipinga kafyu, Jaji Weldon Korir aliamua tarehe 16 Aprili 2020 kwamba kafyu yenyewe haikukiuka Katiba, ila nguvu zilizotumiwa na polisi kupita kiasi ndizo zilizoikiuka. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Ulitenganisha mambo mawili ambayo wengi waliyachanganya: kipimo cha afya kwa upande mmoja, na namna ya kukitekeleza kwa upande wa pili. Mtu anaweza kukubali la kwanza na kulikataa la pili bila kujipinga.

Hali kadhalika, tulikuwa tumefunzwa somo hili kabla ya korona. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walitiwa gerezani Kapsabet kwa kosa la kutomaliza dawa, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa kuwafunga wagonjwa gerezani kulikiuka Katiba. Hoja yake haikuwa kwamba wagonjwa waachwe watembee wakiwaambukiza watu. Sheria inaruhusu kuwatenga. Shida ilikuwa kwamba gereza si mahali pa tiba. Waama, ni nani asiyejua kuwa chumba kilichosongamana watu, kisicho na hewa, ndiyo ndoto ya kifua kikuu? Miaka minne tu baada ya uamuzi huo, tulitangaziwa kwamba watakaokiuka kafyu watapelekwa karantini. Kituo cha afya kikageuzwa seli, na mwenye afya akachanganywa na anayeshukiwa kuugua. Aidha, baadhi ya waliowekwa karantini walizuiliwa kwa sababu hawakuweza kulipa gharama, hadi mwezi Mei 2020 serikali ilipotangaza kuwa ingegharamia wale walio katika vituo vyake. Hofu ya mama mdogo, basi, haikuwa ujinga. Alikuwa amesoma ishara za nyakati kwa usahihi.

Kumbukumbu ya mkoloni

Yamkini msomaji atauliza kwa nini raia hawakuiamini serikali yao. Jibu moja liko katika historia. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa amri ya afisa wa afya. Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa Afrika Mashariki mwaka 1913 kuchunguza hali ya usafi, alipendekeza makazi ya mijini yatengwe kwa misingi ya rangi. Hapo "afya ya umma" ilikuwa kibwebwe cha ubaguzi: umma uliokusudiwa kulindwa haukuwa umma wote. Kafyu nayo tuliijua katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ni sadfa ya ajabu kwamba kafyu ya korona iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, baada ya karibu miezi 19. Wazee waliosherehekea siku hiyo walikuwa wameionja kafyu mara mbili maishani.

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu hizo. Ndiyo maana kifungu cha 24 kinataka haki yoyote ibanwe kwa sheria tu, kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, na baada ya kuuliza kama kuna njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo. Ndiyo maana pia kifungu cha 58 kinaiwekea hali ya hatari muda wa siku 14, nao wabunge ndio wenye uwezo wa kuirefusha. Serikali haikutangaza hali ya hatari mwaka 2020. Ilitumia Sheria ya Utangamano wa Umma na Sheria ya Afya ya Umma. Natija yake ni kwamba kafyu iliyoanza kwa siku 30 iliongezwa mara kwa mara kwa hotuba, wala si kwa mjadala wa Bunge. Na pale wanasiasa walipojaza viwanja kwa mikutano mwaka 2020, hadi ilipopigwa marufuku kwa siku 60 mwezi Novemba, mchuuzi aliyefukuzwa kwenye kibanda chake saa tatu usiku alijua fika kwamba sheria ina wenyewe.

Uhuru wa kutembea na uhuru wa kujua

Kuna atakayesema: basi bora wenzetu wa Tanzania, ambao hawakuwekewa kafyu wala kufungiwa majumbani. Sikubali. Tangu Mei 2020 serikali ya nchi hiyo iliacha kutangaza takwimu za korona, zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hadi zilipoanza kutolewa tena mwaka 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Raia wa huko aliachiwa miguu yake akafungwa macho. Uhuru wa kwenda sokoni bila ya uhuru wa kujua kilichoko sokoni ni uhuru nusu. Mifano hii miwili, wa kwetu na wa jirani, inaonyesha maradhi mamoja: mtawala kutomwamini raia. Mmoja hakumwamini kwa amri, akampiga. Wa pili hakumwamini kwa habari, akamficha. Mara hii aliyeficha maradhi ni dola.

Hapa ndipo sisi wana-Kiswahili tunapoingia. Katiba, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, matangazo ya kisheria yaliyobainisha nani anaruhusiwa kutoka usiku na nani haruhusiwi yalichapishwa kwa Kiingereza. Mama mdogo hakuyasoma. Aliyapata kwa Kiswahili cha redioni, na Kiswahili hicho kwa kiasi kikubwa kilikuwa cha maonyo: wananchi wameonywa, watakaopatikana watachukuliwa hatua kali. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema maneno yaliyopata umaarufu, kwamba tukiendelea kuishi kikawaida maradhi haya yatatutendea yasiyo ya kawaida. Kauli hiyo ina mvuto wa kifasihi, nami naikubali maana yake. Lakini tuitazame kwa jicho la mwanaisimu. Watendaji ndani yake ni wawili tu: raia mkaidi na ugonjwa mkali. Serikali haimo. Vitanda, maji ya kunawia, chakula cha waliofungiwa, yote yametoweka kwenye sarufi. Kuwaambia watu wanawe mikono mtaani ambako mtungi wa maji hununuliwa, bila kutaja maji yatatoka wapi, ni kumpa mtu ufunguo wa nyumba isiyojengwa.

Hoja za wapinzani

Nina wenzangu, wasomi wa kuheshimika, wasiokubaliana nami. Hoja yao ya kwanza ni kwamba janga halingoji. Ukianza kushauriana, watu watakufa. Ni kweli kwamba siku za mwanzo hudai haraka, nami singeilaumu serikali kwa amri iliyotolewa Machi 2020 bila ya mashauriano marefu. Lakini haraka ya mwezi wa kwanza haiwezi kuwa kisingizio cha mwezi wa kumi na tisa.

Hoja ya pili ni kwamba Mkenya hasikii ila kwa kiboko. Hoja hii inanihuzunisha, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia mkoloni. Tena haipatani na ushahidi. Waumini walikubali kufunga misikiti na makanisa. Familia zilizika wapendwa wao kwa watu wachache, jambo ambalo kwa jamii nyingi zetu ni zito kuliko faini yoyote. Mafundi cherehani walishona barakoa. Hayo hayakuletwa na kiboko. Yaliletwa na watu kuelewa na kuogopeana mabaya. Kinyume chake, amri ya kwamba asiyechanjwa angenyimwa huduma za serikali kuanzia tarehe 21 Desemba 2021 iliishia kusimamishwa na Mahakama Kuu mwezi huo huo, na ikawapa wapinzani wa chanjo hoja ambayo hawakuwa nayo.

Uungwana

Mjadala wa uhuru na afya huelezwa aghalabu kwa istilahi za kigeni, kana kwamba lugha yetu haina lake la kusema. Mimi nadhani inalo. Neno "mwungwana" katika jamii ya Waswahili lilimaanisha mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Baadaye likaja kumaanisha mtu mwenye adabu, anayewajali wengine. Sisemi kwamba historia ya neno hili ni safi. Lilibeba pia majivuno ya kitabaka ya waliowatumikisha wenzao. Lakini mkondo wa maana yake unatufunza jambo: kwamba aliye huru ndiye anayetarajiwa kujizuia mwenyewe kwa ajili ya jirani. Mtumwa hajizuii, huzuiliwa. Ukitaka raia avae barakoa kama mwungwana, usimwamrishe kama mtumwa. Mpe sababu, mpe ukweli, mpe maji, na umwonyeshe kwamba sheria inambana mkubwa kama inavyombana yeye.

Janga jingine litakuja. Tayari mwezi Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpox kilithibitishwa nchini, mpakani Taveta. Kwa mintarafu hiyo napendekeza kwamba kila kikwazo cha afya kipimwe kwa maswali haya: Je, kimewekwa kwa sheria iliyowasilishwa Bungeni? Kina siku ya kwisha? Ni nani anayebeba gharama yake, na anafidiwaje? Anayekitekeleza akivuka mpaka, anajibu wapi? Na je, kimeelezwa kwa lugha ambayo muuza samaki anaielewa, pamoja na takwimu zote, hata zile chungu? Kikwazo kinachoyajibu maswali haya nitakitii, nami nitawashawishi wengine wakitii.

Swali la mwisho ni letu. Kila mwaka chama hiki huandaa makongamano kuhusu istilahi, nasi hujivunia kuwa tumekikuza Kiswahili. Nawaomba wahadhiri na wanachama wenzangu tufanye kazi moja isiyo na makofi: tufasiri Sheria ya Afya ya Umma na kanuni zilizo chini yake kwa Kiswahili sanifu kinachosomeka, kabla hazijahitajika tena. Tuandae pia kielelezo cha tangazo la afya linalomweleza mtu haki zake pamoja na wajibu wake, pahali pa kupimwa, na kwamba hatadaiwa wala kuaibishwa. Kama tangazo la namna hiyo lingebandikwa kituoni mwaka 2020, pale mama mdogo alipokuwa akikaangia samaki wake, huenda angetoka chumbani siku ya kwanza badala ya siku ya kumi.